Daftari la Kuzikana

Jumapili saa tisa alasiri, uani kwa mama yangu pale Hale hutandikwa mikeka miwili na kupangwa mabenchi ya kuazima. Wanachama ni thelathini, wengi wao wanawake. Wanakaa nusu duara, na katikati huwekwa stuli, juu ya stuli sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wanaoishi nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mmoja wa wenye funguo akisafiri bila kumkabidhi mwenzake, siku hiyo hakuna kikao, na wiki nzima inayofuata anaonwa kama aliyeuza kijiji.

Kikao kinaanza kwa swali moja. Mwenyekiti anauliza: salio la mfuko wa jamii wiki iliyopita lilikuwa kiasi gani? Thelathini wanajibu kwa sauti moja, kama watoto wanaokariri jedwali la kuzidisha. Si wote wanaosoma, kwa hiyo hesabu inahifadhiwa vichwani kabla ya kuhifadhiwa kitabuni. Baadaye ndipo wanaitwa mmoja mmoja kununua hisa, na hapa hawaitwi kwa majina. "Namba moja!" Mtu anasimama, anatoa kitabu chake, anahesabu noti mbele ya wote, anagongewa mihuri: hisa moja, mbili, mwisho tano. "Namba mbili!" Mama yangu ni namba kumi na nne.

Mara ya kwanza nilipohudhuria nilicheka kumwona mama, mwenye wajukuu saba, anainuka kwa kuitwa namba. Usiku aliniuliza nilichokuwa nacheka. Nilipomwambia, akasema tu: "Hata babu yako alikuwa namba." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake kulikuwa na daftari.

Nitalifikia daftari. Kwanza hiyo namba.

Mkonge si mmea wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893 ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani. Ukipanda mto huo kutoka baharini utafika Hale, na njia nzima utakuwa umepita katika watoto na wajukuu wa miche hiyo 62. Mwaka 1964, mwaka uleule mitambo ya umeme ya Hale ya megawati 21 ilipoanza kazi, nchi yetu ilizalisha tani zaidi ya 230,000 za singa. Hakuna nchi iliyotushinda.

Lakini nani aliukata? Wazigua na Wabondei walikuwa na mashamba yao ya mahindi na mihogo, na hawakuona sababu ya kuchomwa na miiba ya mtu mwingine kwa ujira ule. Mashamba yakategemea watu wa mbali. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyotuma mawakala wake Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko. Walikuja Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Warundi. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa sababu hiyo watu wa pwani wakawaita manamba. Neno hilo lilitamkwa kwa namna ambayo ulijua ni tusi hata kama hukujua maana yake.

Babu yangu alitoka Kasulu. Alisafiri kwa treni hadi Morogoro, kisha kwa lori kupitia Handeni hadi Korogwe, akiwa amesimama, na alichokumbuka kuhusu Handeni ni vumbi na jinsi dereva alivyokataa kusimama. Shambani alipewa kipande: kadi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, mnyapara anakuwekea alama. Nafasi thelathini zikijaa unapata mshahara. Ukiumwa siku tano, ni siku tano ambazo kadi haijui kama ulikuwa duniani.

Watu wa namna hii wakifa wanazikwa na nani? Swali ni la vitendo kabisa. Mzigua akifa Handeni ana ukoo: wapo wa kuchimba, wa kuosha, wa kupika, wa kulia. Muha akifa katika kambi ya mkonge ana wenzake wa chumba, nao kesho alfajiri wanatakiwa shambani. Ndugu zake wako mwendo wa siku nyingi, na huenda hawajui hata jina la shamba alilomo.

Pwani ilikuwa na jibu la zamani kwa swali hili, na jibu lenyewe lilikuwa ngoma. Vijana wa miji ya pwani ya Kenya walianza ngoma ya beni mwishoni mwa karne ya 19, wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Kabla ya vita vya 1914 Tanga ilikuwa na vyama viwili vya beni vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana wa mji. Arinoti wakapokea hata watu wa bara na wenye kazi duni. Walivaa sare, walipanga gwaride, walipeana vyeo: kulikuwa na mfalme, jenerali, daktari. Askari na wapagazi wa vita ile wakaibeba beni hadi bara, na kufikia miaka ya 1920 ilikuwa inachezwa mahali pengi mno Afrika ya Mashariki na hata zaidi ya hapo.

Ofisa wa kikoloni aliyetazama aliona Waafrika wanamdhihaki au wanamuigiza, akaandika ripoti. Mwaka 1919 Waingereza walichunguza kama beni ilikuwa njama. Haikuwa njama, ila walichokiona kilikuwa kitu halisi: mtandao. Mwanachama wa Arinoti akifika mji asioujua, alitafuta Arinoti wa pale, akapata pa kulala. Akiugua alitembelewa. Akifa alizikwa kwa mchango wa chama. Lile gwaride lote la Jumapili, pamoja na majenerali wa bandia, lilikuwa ndilo linalokusanya watu na senti zao mahali pamoja. Bila ngoma hakuna ambaye angekuja kila wiki kutoa pesa ya mazishi ya mtu mwingine.

Lugha yenyewe inakumbuka jambo hili. Upatu, ambao leo kila mfanyakazi wa ofisi anaucheza mwisho wa mwezi, lilikuwa pia jina la sahani ya shaba inayopigwa kwa kijiti ngomani. Tunasema "tunacheza" upatu, "tunacheza mchezo", wala hatujiulizi kwa nini mambo ya pesa yanachezwa.

Sitaki kuipamba beni kupita kiasi. Vyama hivi vilishindana kwa karamu, na kushindana kwa karamu ni kuchinja ng'ombe ambaye huna uwezo naye ili jirani yako aaibike. Pesa nyingi iliyochangwa ililiwa. Nadhani kila chama cha kuchangishana nilichowahi kukiona kina ugonjwa huo kwa kiasi fulani. Hata kikundi cha mama kina sare za vitenge ambazo, kwa maoni yangu niliyoambiwa niyaweke mfukoni, zimegharimu kuliko faida ya mwaka mzima.

Tanga ilipata pia chama cha aina nyingine. Mwaka 1922 Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma Kiungani kule Unguja na kuwa karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga, alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Kilikuwa klabu hasa: mahali pa kukutana, kusoma magazeti, kupanga michezo, Waislamu na Wakristo pamoja. Vitabu vya shule vinakitaja kwa sababu ya kilichofuata. Mwaka 1929 kikazaliwa Dar es Salaam Chama cha Waafrika, kikawa TAA, na mwaka 1954 TANU. Mstari umenyooka: karani, chama, uhuru. Kayamba mwenyewe alifika London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza.

Nami naona fahari juu ya mstari huo. Ila manamba hakuwa na kiti katika klabu ya makarani. Hakujua kusoma gazeti, na saa ya kikao ilimkuta bado anahesabiwa mizigo yake na mnyapara. Mstari wake ni mwingine, unakwenda chinichini kutoka beni hadi kambini, na haukufika Bungeni.

Misaada mikubwa nayo ilikuwapo. Ukoo wa Karimjee, uliokuwa na mashamba ya mkonge katika jimbo hili, ulijenga Tanga shule ambayo leo ni Sekondari ya Usagara, na ukaipa Dar es Salaam Ukumbi wa Karimjee. Wafanyabiashara na wataalamu wa miji mikubwa walikuwa na Rotary yao, iliyoanzia Chicago mwaka 1905 na kuitwa hivyo kwa sababu mikutano ya kila wiki ilikuwa inazunguka kutoka ofisi ya mwanachama mmoja hadi ya mwingine. Ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Hisani ya aina hii ni njema, na wengi tumesoma katika madarasa yake. Inatoka juu kwenda chini, kutoka kwa anayetoa hadi kwa anayepokea, na wawili hao hawabadilishani viti. Kambini mtoaji na mpokeaji walikuwa mtu yuleyule katika wiki mbili tofauti.

Sasa daftari.

Ni daftari la shule, jalada limeshikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na kurasa za mwanzo zimeliwa na mende. Babu alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha kambi yao, kwa kuwa alijifunza kuandika kwa katekista kabla ya kuondoka Kasulu. Chama hakikuwa na jina zaidi ya hilo: kufa na kuzikana. Walikutana siku ya mapumziko, na kila mmoja alitoa senti hamsini. Amepiga mistari kwa ubapa wa mkonge, mistari haijanyooka vizuri, na ametenga safu nne. Ya kwanza ni jina, na ni jina kamili, pamoja na la baba. Ya pili ni mchango. Ya tatu ni tarehe. Ya nne inasema "wa kupelekewa habari."

Nimeipitia safu hiyo ya nne mara nyingi. "Mama yake, Heru Juu." "Kaka, anafanya kazi reli Tabora." "Mke, kwa Padri, Peramiho." Kwa mmoja ameandika "hakuna," na chini yake, kwa wino mwingine, pengine miezi mingi baadaye: "mimi." Katika daftari zima hakuna namba ya kipande hata moja. Babu aliweka namba za watu wote hao kichwani kwa sababu ya kazi, na hakuziingiza humu.

Lakini kuna majina yaliyokatwa kwa mstari, na pembeni yake neno moja: "Ametoka." Asiyechanga majuma manane alitolewa. Sheria ilikuwa ngumu kwa sababu mfuko ulikuwa mdogo. Sanduku la chama linaloonea huruma kila mtu linakuwa tupu siku ya msiba wa aliyechanga bila kukosa. Mama alinionyesha jina moja lililokatwa, akaniambia hadithi yake kama alivyoambiwa na baba yake uzeeni.

Mtu huyo alikuwa Mbena. Alichanga mwaka mzima, kisha akaugua, kipande hakikujaa, mshahara haukuja, na mchango haukuja. Wiki ya nane babu alisoma jina lake mara tatu kikaoni kama ilivyotakiwa. Hakuna aliyejibu. Akapiga mstari. Baada ya siku tisa yule mtu akafa. Wanachama wakakaa usiku kujadili, na waliosema hapana hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hesabu mikononi na wagonjwa wengine wawili kambini. Chama hakikutoa kitu. Shamba likatoa mbao na watu wawili wa kuchimba, na juu ya kaburi likawekwa ubao wenye namba. Hakuna aliyeandika jina, kwa kuwa aliyekuwa na jina hilo kwenye karatasi alikuwa babu, naye alikuwa amelikata.

Kwa maneno ya mama, babu aliendelea kuwa katibu kwa miaka kadhaa na hakukata jina jingine. Kwenye daftari ni kweli: baada ya ukurasa ule hakuna mstari. Kuna watu wanaodaiwa majuma ishirini, thelathini, na majina yao yamesimama. Mahali pa mchango kuna nukta ndogo, na siku nyingine nukta inafuatwa na herufi ya kwanza ya jina la babu. Alikuwa anawatolea.

Mkonge ulianguka. Nyuzi za plastiki zilishusha bei dunia nzima, mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Korona zilinyamaza, zikaota kutu pamoja na reli ndogo za kubebea majani. Wazee waliokuja kwa mkataba wakabaki kambini bila mkataba na bila nauli, wamekuwa watu wa Hale kwa kukosa njia ya kuwa watu wa kwingine. Vyama vya kuzikana vya kikabila vilikufa taratibu, kwani watoto walikuwa wameoana na hakuna aliyejua tena nani Mbena na nani Muha. Bibi yangu ni Mbondei wa Muheza. Mimi ungeniandika safu gani?

Mkonge umerudi kidogo, kwa wakulima wadogo zaidi na ushirika wao, na Hale ilipata mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na mabaki ya mkonge ambao Rais Kikwete aliuzindua mwaka 2008. Wakata majani wanatoka mbali bado. Kigoma bado inaongoza.

VICOBA ilikuja katika pengo hilo. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika Unguja, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na kutoka hapo ukasambaa bara. Kufuli tatu, mihuri, kuita kwa namba, kukariri salio, vyote ni sehemu ya mfano huo. Namba ni kwa ajili ya haraka na usawa: anayeitwa namba tisa ananunua hisa zake bila kujali ni mke wa diwani au muuza machungwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo kikundi cha mama kina cheti kilichobandikwa sebuleni karibu na picha ya arusi ya dada yangu.

Na kina mfuko wa jamii. Hisa ni mali ya mwenye hisa na zitagawanywa mwisho wa mwaka. Mfuko wa jamii haugawanywi. Kila mmoja anatoa shilingi 500 kila Jumapili, sawa kwa wote, na unatumika kwa ugonjwa na msiba wa mwanachama, mwenzi wake, watoto wake na wazazi wake. Katiba ya kikundi inasema hivyo, na inasema pia kwamba mwanachama mpya hanufaiki hadi miezi mitatu ipite.

Mwaka jana, mwezi wa mvua za vuli, alikufa kijana katika chumba cha kupanga kwenye mojawapo ya kambi za zamani. Alikuwa anakata mkonge kwa mkulima mdogo, ana miezi miwili hivi pale Hale. Homa ya siku nne. Watu walimwita Kigoma, kama tunavyomwita kila anayetoka huko. Kitambulisho hakikupatikana. Simu yake ilikuwa na neno la siri na haikufunguka. Katika begi lake walikuta rozari, ndivyo ilivyojulikana aitwe katekista na si imamu.

Ilikuwa Jumapili, na habari ilifika kikaoni wakati namba ishirini na mbili amesimama.

Nilikuwapo, nimekaa barazani. Mtu alipendekeza kikundi kitoe jeneza. Namba tisa, mama auzaye machungwa stendi, ambaye ndiye mtunza nidhamu na huwatoza watu faini ya kupokea simu, alisimama akasema: "Barabara hii inaleta wageni kila siku. Tukimzika kila mpita njia, siku nikifa mimi mtafungua sanduku mkute buibui." Watu waliguna, lakini hakuna aliyeweza kumwambia amekosea. Barabara kuu inayotoka Segera kwenda Tanga inakatiza katikati yetu. Februari 2023, pale Magila Gereza, wilaya hiihii ya Korogwe, gari lililobeba mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro liligongana na lori, wakafa watu zaidi ya 15 waliokuwa wanasindikiza. Wageni wanakufa hapa. Na mfuko siku ile ulikuwa na shilingi 186,500, huku mwanachama mmoja akiwa Bombo hospitalini Tanga na mtoto.

Katibu, mwalimu mstaafu, akatafuta njia ya kisheria, maana ndivyo alivyo. Akasema kijana aandikishwe kuwa mwanachama sasa hivi, namba thelathini na moja, na kiingilio chake kichangwe hapo mkekani. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba katiba inataka wanachama wasizidi thelathini. Mwingine akamkumbusha ile miezi mitatu. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mama yangu si msemaji. Alisimama akaeleza habari ya yule Mbena, kwa ufupi, bila kutaja kwamba katibu aliyekata jina alikuwa baba yake. Alipokaa pakawa kimya, kisha namba tisa akauliza: "Na huyo katibu alifanyaje baadaye?"

"Alikuwa anawalipia," mama akasema.

"Kwa pesa yake?"

"Ya nani tena, mwenzangu?"

Wakapiga kura kwa mikono. Ishirini na mmoja walikubali mfuko utoe shilingi 100,000, sita walikataa, waliobaki walitazama chini. Halafu wakatandaza kanga pembeni ya sanduku kwa ajili ya nyongeza, na hapo wote sita walioikataa hoja waliweka kitu. Namba tisa aliweka elfu tano, akarudi kwenye benchi akiwa amenuna kama kawaida yake. Seremala alikubali kulipwa nusu. Vijana wa bodaboda walichimba kaburi bure, wakadai chai tu.

Kabla ya kufunga kitabu Mwalimu aliuliza ataandika nini. Matumizi ya mfuko lazima yaandikwe mbele ya jina na namba ya mnufaika. Baadhi wakasema aandike "msaada." Akakataa: msaada kwa nani? Mwishowe, kwenye mstari ulio chini ya namba thelathini, aliandika 31, na kwenye nafasi ya jina akaandika Kigoma.

Alizikwa Jumatatu. Jumanne jioni ile simu iliita, ikiwa kwenye chaji nyumbani kwa mama, na aliyepiga alikuwa kaka yake kutoka Kibondo. Mama alizungumza naye muda mrefu uani, nikimsikia anarudia jina silabi kwa silabi, pamoja na la baba. Kaka akauliza ni nani waliomzika, awashukuru. Mama akafikiri, akamwambia ni watu wa hapa. Kisha akanituma kwa Mwalimu na kipande cha karatasi. Mwalimu alikuwa anakula. Alinawa mkono, akalifungua sanduku la vitabu, akapiga mstari juu ya neno Kigoma na kuandika jina kamili juu yake. Pembeni, nje ya safu zote, akaandika namba ya simu ya Kibondo.

Jumapili iliyofuata waliitwa hadi namba thelathini, kama siku zote. Ila kwanza mwenyekiti aliuliza salio la mfuko wa jamii, nao wakajibu kwa pamoja, namba tisa akiwa na sauti kubwa kuliko wote: elfu tisini na nne mia tano.